Uzoefu wangu na draiva ya st katika kusoma kanda za zamani

Msimu wa kusi uliopita nilikabidhiwa kanda 11 za sumaku za kuhifadhia data ya kompyuta, aina ya DDS-3, zenye hesabu za ofisi ya uwakala wa forodha niliyoifanyia kazi miaka mingi hapa Mombasa, nikaombwa nitoe yaliyomo kabla hazijatupwa. Zilikuwa zimekaa kabatini katika chumba kisicho na kiyoyozi, na mkaazi wa mji huu hahitaji kuelezwa unyevu wa chumvi hufanya nini. Mashine ya kusomea niliipata kwa muuza vifaa vikuukuu huko Mwembe Tayari, na kadi ya SCSI, ya kuiunganisha na kompyuta, nilikuwa nayo.

Draiva yenyewe, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha mashine ya kanda, huitwa st, nayo haikunigharimu kitu, kwa kuwa imo ndani ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta yangu. Niliwasha kompyuta, mashine ikatambuliwa papo hapo, na hapo sina la kulalamikia. (Wenye mashine za QIC-80, aina nyingine ya kanda, zilizounganishwa kwa kebo ya flopi wasiitegemee, hizo zilitumia draiva nyingine, ftape, ambayo iliondolewa katika Linux toleo la 2.6.20 mwaka 2007.)

Taabu ilianza nilipotoa amri ya tar, programu ya kutoa mafaili kwenye kanda. Jibu lilikuwa kwamba memori haitoshi. Kijana fundi aliyekuwa akinisaidia akanitazama, akasema, "Ami, kompyuta hii ni kuukuu, tuiongeze RAM." Tukanunua, tukapachika, na jibu likabaki lile lile. Ukweli ni kwamba memori haikuwa na kosa lolote. Data katika kanda huandikwa kwa mabloku, yaani mafungu ya baiti, na programu ikiomba baiti chache kuliko zilizomo katika bloku inayofuata, st hukataa na kurudisha kosa ambalo Linux hulitafsiri kuwa ni upungufu wa memori. Kwa kawaida tar husoma baiti 10,240 kwa mara moja, ilhali nilipoiweka mashine katika hali ya bloku za ukubwa wowote kwa amri ya mt setblk 0, kisha nikasoma bloku moja kwa dd, programu ya kunakili data ghafi, nikiiruhusu ipokee hadi KB 256 kwa mara moja, nilipata baiti 65,536. Nikaongeza -b 128 katika amri ya tar, yaani isome mafungu 128 ya baiti 512, ambayo ni baiti zile zile 65,536, na majina ya mafaili yakaanza kuteremka kwenye skrini, ankara za Kilindini moja baada ya nyingine. Kukataa ni haki ya draiva, kwani kukata bloku kimyakimya kungeharibu data. Ila ujumbe wenyewe unapotosha, nami nimeulipia kwa bei ya RAM.

Jambo la pili ni majina. Mashine ile ile moja huitwa /dev/st0 na pia /dev/nst0. Ukitumia la kwanza, kanda hurudishwa mwanzo kila programu inapomaliza kuitumia mashine. Ukitumia la pili, hubaki pale iliposimama. Mimi nilitumia la kwanza kwenye kanda yenye hesabu za miezi zilizofuatana, nikanakili Januari mara tatu nikidhani ni Januari, Februari na Machi. Bahati yangu nilikuwa nikisoma tu, maana kwa kuandika ningefuta juu ya data ya mwanzo, na ndiyo sababu kila kanda niliifunga kidude chake cha kuzuia kuandikwa kabla ya kuiingiza.

Kanda tisa zimesomeka zote. Mbili zilizobaki zina ukungu unaoonekana kwa macho, nazo sijathubutu kuziingiza mashinani.