Mwongozo wa kununua tamthilia za kubuni za kisayansi: zilizo mbovu kuliko zote, kuanzia ile ya kuachwa kabisa

Mtu anayenunua seti nzima ya tamthilia ya televisheni hulipia kila sehemu iliyomo, iwe nzuri iwe mbaya, na kwa tamthilia za kubuni za kisayansi hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu jalada lenye picha ya chombo cha anga halimwambii mnunuzi lolote kuhusu fikra zilizomo ndani. Wapenzi wa tamthilia hizi wamebishana kwa miongo mingi kuhusu ipi ni mbovu kupita zote. Naamini ubishi huo una manufaa makubwa kwa mnunuzi, kwani ndimo yanamotajwa mambo ambayo muuzaji hayataji. Mwongozo huu unazipanga kuanzia ile isiyofaa kununuliwa kabisa hadi zile ambazo mnunuzi makini atachukua msimu mmoja na kuuacha mwingine.

Kabla ya kupanga, lazima tukubaliane kuhusu kipimo. Watu wengi huanza kwa kulaumu kuta za mbao zinazotikisika mlango ukifungwa, roboti za bati na mazimwi yaliyoshonwa kwa mpira. Sikubaliani na kipimo hicho. Bajeti ndogo si ubovu, na Doctor Who ya BBC, iliyoanza mwaka 1963, iliishi kwa miaka mingi na vifaa duni huku ikiwafanya watazamaji wafikiri. Tamthilia ya aina hii humwahidi mtazamaji kwamba ulimwengu inaomwonyesha una kanuni zake, na kwamba kanuni hizo zitafuatwa hata pale zitakapowaumiza wahusika wapendwa. Iliyo mbovu kweli ni ile inayovunja ahadi hiyo, hasa kama ilikuwa na uwezo wa kuitimiza.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza kwa ubovu naipa Galactica 1980, iliyoonyeshwa na ABC ya Marekani kwa sehemu 10 tu mwaka 1980. Mtangulizi wake, Battlestar Galactica ya mwaka 1978, ilikuwa hadithi nzito ya mabaki ya wanadamu wanaokimbia maangamizi na kuitafuta Dunia, nayo ilisitishwa baada ya msimu mmoja, gharama zake zikiwa zimefikia takribani dola milioni moja kwa kila sehemu. ABC ilipoirudisha, iliirudisha kwa namna ya kubana matumizi: meli za angani zimefika Dunia ya wakati huo, wahusika wanatembea katika mitaa ya kawaida ya California, na picha za mapigano ya angani ni zilezile zilizopigwa kwa ajili ya tamthilia ya kwanza. Hata tukio la jeshi la Cylon, maroboti adui wa wanadamu, kuiteketeza Los Angeles ni picha ya kompyuta inayotabiri tu yanayoweza kutokea, nayo imeunganishwa na vipande vya filamu ya zamani kuhusu tetemeko la ardhi.

Hayo yote ningeyasamehe kama hadithi ingekuwa na uzito. Tatizo ni kwamba tamthilia iliwekwa Jumapili saa moja jioni, saa ambayo kanuni za utangazaji za Marekani ziliitengea vipindi vya watoto na vya elimu, na waandishi wakalazimika kupachika mafunzo ndani ya masimulizi. Wakaletwa watoto wa meli wanaoruka juu kupita kiasi kwa sababu ya tofauti ya mvutano wa ardhi, wakavalishwa sare za skauti, na katika sehemu moja ushindi wa wanadamu dhidi ya maangamizi ukasahauliwa ili wacheze mechi ya besiboli. Pikipiki zinaruka angani. Adui aliyeua sayari 12 anageuka kuwa kisingizio cha vituko vya usiku wa Halloween. Mtu aliyeipenda tamthilia ya kwanza anaona mambo yote aliyoyaamini yakifutwa moja baada ya jingine, na hakuna anayeonekana kuyasikitikia.

Kuna sehemu moja njema, ile ya mwisho, inayomrudisha Starbuck, rubani wa tamthilia ya kwanza aliyeigizwa na Dirk Benedict, akiwa peke yake kwenye sayari tupu pamoja na roboti adui ambayo yeye mwenyewe anaitengeneza ili apate mtu wa kuzungumza naye. Ni saa moja ya masimulizi mazuri kweli. Ikiwa seti unayoitaka ya Battlestar Galactica ya kale inauzwa pamoja na Galactica 1980, ichukue, utazame sehemu hiyo na kuziacha nyingine. Ikiwa inauzwa peke yake, usiinunue.

Nafasi ya pili ni ya The Starlost, ya Kanada, iliyotoka mwaka 1973 kwa sehemu 16. Wapo wanaoiweka ya kwanza, na hoja zao zina nguvu, kwa kuwa hakuna tamthilia iliyoanguka kutoka juu namna hii. Wazo lake ni kati ya mawazo bora kabisa yaliyowahi kuletwa kwenye televisheni: chombo kikubwa mno kimebeba mabaki ya watu wa Dunia ndani ya makuba yaliyotengana, kila kuba na jamii yake, baada ya ajali iliyotokea vizazi vingi nyuma wakazi wamesahau kwamba wako safarini, na chombo kinaelekea kugongana na jua. Vijana watatu kutoka kijiji cha wakulima wacha Mungu wanaugundua ukweli na kuanza kutafuta chumba cha uongozi. Mwandishi wa wazo hilo alikuwa Harlan Ellison, na muswada wake wa kwanza, jinsi alivyouandika yeye mwenyewe kabla haujabadilishwa, ulishinda tuzo ya chama cha waandishi wa Marekani.

Yaliyofuata yanaeleza kwa nini majina makubwa kwenye jalada hayatoshi kuwa sababu ya kununua. Mtaalamu wa picha za kubuni Douglas Trumbull na mwigizaji Keir Dullea, wote wawili wakijulikana kwa kazi yao katika filamu ya 2001: A Space Odyssey, walikuwemo, na Ben Bova aliajiriwa kama mshauri wa sayansi. Mpango ulikuwa kutumia mfumo mpya wa kamera uliokusudiwa kuwaunganisha waigizaji na mandhari ya vinyago vidogo huku kamera ikitembea kwa uhuru. Mfumo ulishindwa. Kazi yote ikahamia kwenye mkanda wa video, waigizaji wakawekwa mbele ya picha zisizosogea, kamera ikalazimika kutulia, na chombo kilichopaswa kuwa kikubwa kama nchi kikaonekana kama ukumbi mmoja uliopakwa rangi upya kila wiki. Ellison aliondoka na kudai jina lake liondolewe, likaandikwa jina la bandia la Cordwainer Bird, ambalo alilitumia kila alipotaka watu wajue kwamba kazi yake imeharibiwa. Bova naye aliona ushauri wake ukipuuzwa, akaondoka, na baadaye akaandika riwaya ya kejeli kuhusu mkasa wenyewe. Hadithi haikufika mwisho. Vijana wale hawakukiokoa chombo, na mnunuzi wa seti hii atabaki na sehemu 16 za kutangatanga kwenye korido.

Naiweka chini ya Galactica 1980 kwa ubovu kwa sababu moja: waliotengeneza The Starlost walijaribu jambo gumu likawashinda, ilhali wale wengine walikuwa na hadithi iliyokwisha kupendwa wakaitupa kwa makusudi. Mnunuzi anayependa historia ya ufundi wa televisheni anaweza kuinunua kwa ajili ya kujifunza. Mnunuzi wa burudani asiinunue.

Ya tatu ni Inhumans ya Marvel, yenye sehemu 8, iliyotoka mwaka 2017. Sehemu mbili za mwanzo zilionyeshwa kwanza kwenye kumbi za IMAX, na ukubwa wa skrini ulizidisha tu udhaifu wake. Malkia Medusa, ambaye nguvu zake zote ziko kwenye nywele, ananyolewa mapema kabisa, na familia ya kifalme inatawanywa Hawaii ambako wanatembea na kubishana. Kosa lake zito, hata hivyo, liko kwenye fikra. Jamii yao inayoishi mwezini imejengwa juu ya utabaka ambao wasiopata nguvu za ajabu hutumwa kufanya kazi migodini, na mtu anayeahidi kuuvunja utaratibu huo ndiye aliyefanywa mwovu wa hadithi. Mtazamaji mwenye akili timamu huanza kumuunga mkono mwasi, na waandishi hawaonekani kuwa tayari kwa jambo hilo. Bunilizi ya kisayansi inayoogopa swali lake yenyewe haina sababu ya kununuliwa.

Kuanzia nafasi ya nne hukumu inabadilika, maana hapa ubovu uko kwenye misimu fulani na si kwenye kazi nzima, na hapa ndipo mnunuzi anaweza kuokoa fedha nyingi. Space: 1999 ya Gerry na Sylvia Anderson ina misimu miwili ya sehemu 24 kila mmoja, wa kwanza ukiwa umetoka mwaka 1975. Mlipuko wa taka za nyuklia tarehe 13 Septemba 1999 unaung'oa Mwezi kwenye njia yake pamoja na wakazi 311 wa kituo cha Alpha. Kisayansi jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa nguvu ya kuusukuma Mwezi kiasi hicho ingeuvunja vipandevipande, na Isaac Asimov alikuwa miongoni mwa waliolipinga hadharani. Lakini msimu wa kwanza una uzito wa kipekee: ukimya, hofu, watu wasiojua waendako, na chombo cha Eagle ambacho mpaka leo ni kati ya vyombo vya anga vilivyosanifiwa vizuri kuliko vyote vya televisheni.

Msimu wa pili ulikabidhiwa mtayarishaji Fred Freiberger, aliyetaka vitendo na vichekesho zaidi. Profesa Bergman wa Barry Morse alitoweka bila maelezo yoyote kwenye skrini. Akaletwa Maya, mwanamke anayejigeuza mnyama yeyote, na ingawa Catherine Schell alimwigiza kwa haiba kubwa, karibu kila tatizo lilianza kutatuliwa kwa kugeuka kitu. Kuna sehemu ambayo miti inawahukumu wanadamu kwa kuchuma maua, na nyingine ambayo adui ni jiwe. Nunua msimu wa kwanza peke yake kama unauzwa hivyo.

Ushauri huohuo unafaa kwa seaQuest DSV, tamthilia ya nyambizi. Msimu wake wa kwanza, wa mwaka 1993, ulishauriwa na mtaalamu wa bahari Robert Ballard, ambaye alitokea mwishoni mwa kila sehemu kueleza sayansi ya kweli ya vilindi, na ulikuwa na hamu ya kweli ya kufundisha. Msimu wa pili ulijaa mazimwi, wageni wa sayari za mbali na miungu ya kale, mpaka nyota wake Roy Scheider akalalamika hadharani. Andromeda nayo, yenye sehemu 110, ilianza mwaka 2000 na dhana ya nahodha aliyeganda kwa miaka 300 ukingoni mwa shimo jeusi na kuamka akikuta dola yake imekufa; baada ya mwandishi wake mkuu, Robert Hewitt Wolfe, kuondolewa katikati ya msimu wa pili, siasa za kuijenga upya dola hiyo zilipungua na ngumi zikaongezeka. Ishia msimu wa kwanza.

FlashForward ya mwaka 2009 si mbovu kwa uandishi wa kila sehemu, lakini haifai kwa mnunuzi anayetaka majibu. Ilisitishwa baada ya sehemu 22 huku ikimalizia kwa fumbo jipya.

Yapo pia majina yanayotajwa sana ambayo nadhani yanaonewa. Msimu wa tatu wa Star Trek ya kwanza, ambao pia ulikuwa chini ya Freiberger, ulifunguliwa mwaka 1968 na kisa cha kuibwa kwa ubongo wa Spock, nao ulipunguziwa bajeti na kuwekwa Ijumaa usiku, saa ambayo vijana wengi walikuwa nje ya nyumba. Bado una visa vya kutosha vya kuufanya ununuliwe. Kisa cha Star Trek: Voyager ambacho wahusika wawili wanageuka viumbe kama mijusi, cha mwaka 1996, ni kibaya sana, ingawa kilishinda tuzo ya Emmy kwa vipodozi, lakini ni kimoja katika misimu saba. Lost in Space ina karoti inayozungumza, na waliocheza walikuwa wakiufurahia mchezo wao. Wasomaji wa jarida la Doctor Who walipopiga kura mwaka 2009 waliiweka The Twin Dilemma ya mwaka 1984 kuwa ya mwisho kati ya hadithi 200, na ninaafikiana nao, kwa kuwa Daktari, mhusika mkuu, anayemkaba msaidizi wake shingo ni vigumu kumpenda tena. Hata hivyo hadithi moja kati ya 200 haiwezi kuwa sababu ya kuiacha tamthilia nzima.

Limebaki suala la aina ya diski. Tamthilia iliyopigwa kwenye filamu, kama Space: 1999, hupata faida kubwa kwenye Blu-ray kwa sababu filamu ina undani ambao televisheni za wakati huo hazikuweza kuuonyesha. Iliyopigwa kwenye mkanda wa video, kama The Starlost, haina undani wa kuongezwa, kwa hiyo usilipie zaidi kwa ahadi ya picha safi. Star Trek: The Next Generation ilipigwa kwenye filamu lakini ikahaririwa kwenye video, na toleo lake la Blu-ray lilihitaji filamu asilia kukusanywa na kuhaririwa upya, ilhali Deep Space Nine na Voyager, nazo za Star Trek, hazikufanyiwa kazi hiyo. Mwisho, hakikisha sehemu zimepangwa kwa mfuatano wa hadithi. Firefly ilionyeshwa na Fox mwaka 2002 bila kufuata mfuatano wake, sehemu ya kwanza ikioneshwa mwisho kabisa, na watazamaji wengi walidhani ni mbovu hadi diski zilipoirudisha kwenye mpangilio wake.