TAHADHARI: Mnaotafuta vyumba karibu na chuo, kuna "mama mwenye nyumba" anapangisha chumba kimoja kwa watu kibao

Wakuu, chuo kinakaribia kufunguliwa na najua wengi bado mnahangaika na vyumba, na huyu mtu anaujua vizuri huu msimu. Mimi nimeshapigwa, kodi ya miezi mitatu imekwenda.

Ilikuwa hivi. Nimeona tangazo, chumba cha peke yako na choo ndani, dakika tano kwa mguu mpaka getini, bei chini kidogo ya vingine (kidogo tu, ingekuwa chini sana ningeshtuka). Nikamcheki WhatsApp, "karibu mwanangu", ananiuliza nasoma kozi gani, navuta sigara, naleta wageni, yaani nikajikuta mimi ndo nafanyiwa intavyuu na naogopa kufeli. Nikaomba nikaone chumba, akasema yuko nje ya nchi kwa binti yake, funguo kaacha kwa jirani ila jirani hafungulii mtu ambaye hajalipa maana wanafunzi wanamchosha. Nikisita kidogo ananirushia skrinishoti ya mwingine eti anataka kulipa sasa hivi. Nikatuma. Jina lililotokea kwenye muamala ni la mwanaume, nikauliza, akasema huyo ni mhasibu wake, nikakubali kama mtoto mdogo.

Mkataba nikaletewa, una muhuri kabisa, na picha ya kitambulisho chake. Sasa hivi nahisi hicho kitambulisho ni cha mtu aliyelizwa kabla yangu, kwa sababu na mimi alinidai changu nikampa, na hicho ndo kinaniuma kuliko hata hela.

Siku ya kuhamia nimefika na begi na godoro kichwani. Nyumba ipo kweli, namba ile ile, ila inakaa familia, na baba wa pale wala hakushangaa, akaniambia kijana wewe ni wa nne wiki hii. Nikapiga simu pale pale mlangoni, ikaita mara moja ikakatwa, kupiga tena nimeshalambwa blok.

Usiku ndo nikazikagua zile picha vizuri, ukutani kuna soketi ya matundu mawili ya duara, hapa kwetu sijawahi kuona nyumba yenye soketi za hivyo! Nikazipitisha Google Lens (ile ya kutafuta picha imetokea wapi mtandaoni), zikatokea kwenye tangazo la nyumba ya wageni ya nchi nyingine kabisa. Dakika mbili tu hiyo kazi, ningeifanya kabla...

Kama huwezi kufika mwenyewe mtume mtu aliyeko huko akaingie chumbani, au mwambie mwenye nyumba akupigie vidio ya moja kwa moja afungue bomba, afungue dirisha uone nje, sio vidio aliyorekodi. Wapo waliopigwa hata baada ya kuonyeshwa chumba hivyo, kumbe tapeli mwenyewe amekipanga siku mbili tu, kwa hiyo ulizia na majirani. Ofisi ya ustawi wa wanafunzi nayo huwa inawajua wenye nyumba wengi, mimi sikuwahi hata kuwauliza. Ukiwa umeshatuma, piga benki au mtandao wako wa simu saa hiyo hiyo kabla hajaitoa, na chati usifute hata ukiwa na hasira, polisi watazitaka.

Leo asubuhi nimeliona tangazo tena. Jina jipya, namba mpya, sasa ni "baba mchungaji", ila soketi ni ile ile.