Vitufe vya kujikinga na watukanaji na akaunti feki: kipi kinasaidia, kipi kinakuacha wazi

Kati ya vitufe vyote ambavyo mitandao ya kijamii imewapa watumiaji wajikinge, cha kubloku ndicho kinachobonyezwa kwanza, na mara nyingi hubonyezwa mapema mno. Mtukanaji akiblokiwa hugundua upesi, na kufungua akaunti nyingine humchukua dakika chache. Kwa anayejifanya wewe, hasara ni kubwa zaidi: ukimbloku kwenye Facebook, profaili yake inapotea machoni pako, huwezi tena kupiga skrinishoti wala kunakili linki, na kuripoti kunakuwa kazi ya mtu mwingine. Basi tumevipima vifaa hivi kwa swali moja: je, kinamnyima mkosaji anachokitaka, na kinakuachia ushahidi mkononi?

Kwa matusi, Instagram ndiyo inayoongoza. Tangu 2019 ina kitufe ambacho menyu ya Kiingereza inakiita Restrict, na ni kizuri kuliko kubloku katika hali nyingi. Mtu uliyemwekea kikwazo hicho anaendelea kukomenti kama kawaida, lakini komenti yake anaiona yeye peke yake mpaka uiruhusu. Ujumbe wake unaingia kwenye maombi badala ya inboksi, hajui kama umeusoma, wala haoni kama uko hewani. Hapati taarifa yoyote. Anapiga kelele kwenye chumba kitupu, na kwa kuwa hajui, hana sababu ya kufungua akaunti nyingine. Kinafaa hasa kwa watu usioweza kuwabloku bila kuzua ugomvi mpya: mfanyakazi mwenzako, ndugu, mtalaka.

Ukiamua kubloku kabisa, Instagram itakuuliza kama uzuie pia akaunti nyingine alizonazo au atakazofungua. Chagua hilo kila mara. Si ukuta kamili, ila linampunguzia njia. Na ukivamiwa na kundi zima kwa siku moja, usikimbizane na mmoja mmoja. Kuna kipengele cha kuweka mipaka kwa muda, kinachozificha komenti na ujumbe kutoka kwa wasiokufuata au waliokufuata juzijuzi. Washa, subiri kelele zipite, zima.

Chujio la maneno ndilo linalowaangusha wengi wanaoandika Kiswahili, na linahitaji maelezo. Karibu kila mtandao mkubwa unakuruhusu kuandika orodha yako ya maneno yasiyotakiwa. Shida ni kwamba chujio linatafuta neno jinsi ulivyoliandika, na pengine makosa madogo ya tahajia. Usitarajie lijue kwamba “mjinga”, “wajinga”, “kijinga”, “ujinga” na “majinga” vyote vimetoka kwenye mzizi mmoja. Vitenzi ni vigumu zaidi, maana tusi moja linabadilika kwa kila nafsi na kila wakati. Kwa hiyo usiandike neno moja ukaridhika. Chukua matusi manne au matano unayotupiwa kweli, kila moja uliandikie umoja, wingi, ukubwa na udogo, kisha ongeza maandishi ya mtaani yenye tarakimu au herufi zilizorudufiwa. Orodha ya maneno thelathini iliyotengenezwa hivi inafanya kazi kuliko ile ya mamia iliyonakiliwa kutoka Kiingereza. Usiweke mzizi mfupi sana kama “jinga” ukitumaini utashika kila kitu: pengine hautashika chochote, na pengine utaficha komenti za wema.

YouTube ina kitufe ambacho wenye chaneli wengi hawakijui: kumficha mtumiaji. Komenti zake hazionekani tena kwa wengine kwenye chaneli yako, naye haarifiwi. Ni dawa ileile ya Instagram kwa sura nyingine, na tunaipa alama za juu. TikTok inakuruhusu kuzizuia komenti zote mpaka uzipitishe mwenyewe, na kuchagua kadhaa kwa mkupuo ili uzifute au uwabloku walioziandika. Inatosha.

X (zamani Twitter) imerudi nyuma. Tangu Novemba 2024, mtu uliyembloku bado anaweza kusoma posti zako kama akaunti yako iko wazi. Kilichozuiwa ni kujibu, kupenda, kukufuata na mengineyo ya namna hiyo. Kama mtu anakufuatilia ili apate la kukusemea, kubloku pale hakukusaidii kitu. Njia iliyobaki ni kufunga posti zako ili zionekane kwa wafuasi tu, na hiyo inamwadhibu mwathirika. Tiki ya bluu nayo si ushahidi wa utambulisho tangu ianze kuuzwa Novemba 2022. Siku chache tu baada ya mauzo kuanza, akaunti yenye tiki iliyojifanya kampuni ya dawa ya Eli Lilly ilitangaza kwamba insulini sasa ni bure, na kampuni halisi ikalazimika kuomba radhi hadharani.

Sasa akaunti feki. Hapa mambo yanaharibika kwa sababu moja kuu: watu wanaripoti kosa lisilo lenyewe. Profaili yenye picha zako tatu, jina lako na hakuna tusi hata moja, ukiiripoti kama “spam” au kama unyanyasaji, itapimwa kwa sheria ya spam au ya unyanyasaji, na jibu litakuwa kwamba haikukiuka kitu. Kwenye Facebook na Instagram, fungua profaili yenyewe, bonyeza nukta tatu, chagua kuripoti, kisha tafuta kipengele kinachosema mtu huyu anajifanya mtu mwingine. Utaulizwa anajifanya nani: wewe, unayemfahamu, au mtu maarufu. Jibu hilo ndilo linaloamua ripoti yako itapitia mlango gani. Ripoti ya mwenye sura ina uzito, hasa kwenye Instagram, ambako fomu ya akaunti feki inamtaka mhusika mwenyewe au mwakilishi wake, pamoja na picha ya kitambulisho kilichotolewa na serikali. Fomu hiyo inapatikana hata kwa asiye na akaunti. Piga picha ya kitambulisho pembe zote nne zionekane, mwanga usimulike juu ya jina.

Kuwaomba watu mia waripoti kwa pamoja ni kujichosha. Facebook yenyewe inasema idadi ya ripoti haiamui kama kitu kitaondolewa. Ripoti moja sahihi inashinda mia za kubahatisha.

Tapeli mzoefu humbloku mwenye sura kwanza, kabla hajawaandikia marafiki zake. Ndiyo maana wengi hupata habari kwa simu: “Mbona unaniomba hela?” Hapo mwombe huyo aliyepiga akutumie vitu vitatu kabla hajafanya lolote: linki ya profaili, skrinishoti ya ukurasa wa mbele, na skrinishoti ya mazungumzo yenye tarehe. Linki ni muhimu kuliko picha, maana jina la kuonyesha linaweza kufanana na la watu elfu. Kisha aripoti yeye, akikuchagua wewe kama rafiki anayeigizwa.

Angalia jina la mtumiaji kwa jicho la karibu. Kwenye skrini ndogo ya simu, “mariam.b” na “rnariam.b” hazitofautiani: la pili limeanza kwa r na n zilizobanana zikafanana na m. Mbinu nyingine ni kuongeza kistari cha chini mwishoni au kuweka tarakimu 1 mahali pa l. Ukishuku akaunti ya Instagram, bonyeza nukta tatu na usome maelezo kuhusu akaunti hiyo: mara nyingi utaona tarehe iliyofunguliwa. Mtu mwenye picha za miaka kumi na akaunti ya wiki mbili anajieleza mwenyewe.

Kinga ya bei rahisi kuliko zote iko Facebook: ficha orodha ya marafiki, uione wewe tu. Bila orodha hiyo tapeli anabaki na picha zako lakini hana wa kuwaandikia. Meta Verified, huduma ya kulipia kila mwezi iliyoanza 2023, inaahidi kufuatilia akaunti zinazokuigiza. Kwa mwenye biashara inayotegemea jina lake tungesema alipe. Kwa mtu wa kawaida, kuficha orodha kunatosha.

WhatsApp ni dhaifu kwa akaunti feki, kwa sababu picha na jina hazithibitishwi na yeyote. Kitambulisho pekee ni namba. Weka picha yako ionekane kwa waliomo kwenye simu yako tu. Unaporipoti, kuna mitego miwili. Kwanza, ripoti ya kawaida inapeleka jumbe tano za mwisho alizokutumia. Kama tusi lilikuja wiki iliyopita na baadaye mkaendelea kuandikiana, wakaguzi watasoma salamu. Bonyeza na kushikilia ujumbe wenyewe, uuripoti huo. Pili, dirisha la kuripoti lina kisanduku cha kubloku na kufuta mazungumzo. Kitoe tiki, la sivyo ushahidi wako unaondoka nao.

Kama ujumbe wa utapeli unatoka kwenye namba yako halisi, hujaigizwa, umeibiwa akaunti. Sajili namba upya na uingize msimbo wa tarakimu sita unaokuja kwa SMS. Mwizi anatolewa hapohapo. Akiwa ameweka PIN yake ya uthibitisho wa hatua mbili, utasubiri siku 7 kabla ya kuingia, lakini naye atakuwa nje.

Telegram ina boti ya @notoscam ya kupokea ripoti za waigizaji. Kwa picha za utupu za watu wazima zinazosambazwa bila ridhaa, StopNCII.org inatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako ili mitandao iitambue na kuizuia, na picha yenyewe haiondoki; kwa walio chini ya miaka 18 ipo huduma kama hiyo iitwayo Take It Down. Vitisho vya kuua au kudhuru vipelekwe polisi, skrinishoti zikiwa na jina la mtumiaji, linki na saa.

Jihadhari na anayekuandikia akijiita huduma kwa wateja, akidai ataondoa akaunti feki kwa malipo au kwa kupewa msimbo wako. Hao huwavizia wanaolalamika hadharani, na msimbo ukishatoka, akaunti halisi nayo imekwenda. Ripoti ikikataliwa, kata rufaa ndani ya programu yenyewe, kwenye orodha ya ripoti zako; na kama ulichagua kosa lisilo lenyewe, ripoti upya, safari hii ukichagua kosa la kujifanya mtu mwingine. Akaunti ikiondolewa, usifute faili lako la ushahidi: mwigizaji akirudi, kwa kawaida hurudi na picha zilezile.