TAHADHARI: Fundi wa "bomba la kunyonya maji" anayezunguka Kisasa na Ilazo, Dodoma

Jamani, yule fundi wa kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo) mliyekuwa mnaniomba namba yake, msimpigie. Ni tapeli. Na aibu ni yangu, maana haya mambo nayajua.

Nilimpa kazi ya kulaza bomba la matundu, lililozungukwa na kokoto, nyuma ya ukuta wangu wa kuzuia udongo, linyonye maji ya ardhini na kuyatoa. Kilichonimaliza ni ndoo. Kabla ya kufukia akaniita, "Bosi, njoo ushuhudie." Akamimina lita 20 upande wa juu wa bomba, maji yakatoka upande wa chini yote, tena kwa kasi. Nikalipa mita 24 palepale. Nani asingeamini? Ana pima maji, mteremko kaupanga sentimita 1 kwa kila mita, hauna kasoro.

Kumbe bomba la inchi 4 lisilo na tundu hata moja ndilo linalofaulu mtihani wa ndoo! Alilaza bomba zima la maji taka. Maji ya ardhini yaingilie wapi? Mvua za Januari ziliposhika, mfinyanzi ukalewa maji na ukuta ukatoa tumbo. Maji yakijaa mita 2 nyuma ya ukuta, kule chini yanasukuma kwa tani 2 kila mita ya mraba. Tofali za inchi 6 hazibebi hilo.

Tumechimbua. Kokoto zipo mita ya mwanzo na mita ya mwisho tu, pale jicho linapofika; katikati udongo uleule. Badala ya kitambaa cha kuchujia, kaweka nailoni nyeusi ya kutandika chini ya zege, isiyopitisha hata tone. Na vile vitundu vya ukutani vya kutolea maji ya nyuma ni vipande vya bomba vya sentimita 10 vilivyopachikwa kwenye plasta, nyuma yake tofali. Mshenzi! Apelekwe polisi, arudishe hela yote, kisha akachimbue mwenyewe kwa jembe huo mfinyanzi ulioloa.

Dalili? Kokoto. Unene sentimita 30, kimo mita 1.5, urefu mita 24, hiyo ni karibu kyubiki 11. Yeye alileta kirikuu mbili, nami nikatia saini. Ndoo imwagwe juu ya kokoto, siyo ndani ya bomba. Bomba ligeuzwe mlione matundu, na yalale yakitazama chini.

Akinyang'anywa na ile pima maji nitafurahi.

Nyie wa Iyumbu aliowajengea baada yangu, chomekeni waya kwenye vitundu leo. Ukigota kabla ya kuvuka unene wa tofali, anzeni kuchimbua.