Iten mwezi wa Julai: chumba cha kutazama bonde, baridi hadi mifupani

Mji wenyewe sina kesi nao. Iten uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ukingoni kabisa mwa Bonde la Kerio, na yeyote anayepanda kutoka Kisumu, ambako ni kama mita 1,130 tu, anajua joto analiacha nyuma. Kesi yangu ni na nyumba ya wageni iliyonipokea usiku tatu katikati ya Julai kwa Sh4,500 kwa usiku, kiamsha kinywa kikiwemo. Jengo ni jipya, rangi ingali inang'aa, wahudumu wana adabu. Tatizo ni kwamba limejengwa kana kwamba linasimama kando ya ziwa, kisha likawekwa mahali ambapo alfajiri unaona mvuke wa pumzi yako ukiwa bado kitandani.

Anza na paa. Vyumba vya ghorofa ya juu, ambavyo ndivyo vya bei kali, havina silingi. Ni mabati, boriti, kisha wewe. Mawingu yakitawanyika usiku, bati hupoa kuliko hata hewa inayolizunguka. Pumzi za watu wawili waliolala hupanda na unyevu wake, zikagusa bati baridi, zikageuka maji. Maji hayo huteremka kwenye mikunjo ya bati mpaka yakutane na boriti, na hapo ndipo yanapodondoka. Chumba changu kilikuwa na ushahidi kabla hata sijalala: kwenye blanketi kulikuwa na safu ya madoa ya manjano yaliyonyooka kama uzi, nafasi ya vidole vinne kati ya doa na doa, sawasawa kabisa na mikunjo ya bati iliyo juu. Kumi na moja alfajiri matone yakaanza, moja moja, kwenye mto. Dawa ni kuvuta kitanda kitoke chini ya boriti, au kuomba chumba cha chini ambacho juu yake kuna zege. Mwenye nyumba akiweka silingi hata ya plaiwudi, na sufi ya kuzuia joto juu yake, kero hii itakwisha.

Madirisha nayo ni ya luva, vile vioo vinavyopangana kama mbavu. Mombasa ni neema, Iten ni adhabu. Hata ukivuta mkono wake hadi mwisho, kila kioo huacha upenyo, na juu yake kuna matundu ya hewa yasiyofungika. Pazia lilikuwa likicheza ilhali dirisha limefungwa. Mahali pa baridi namna hii panahitaji dirisha la kufunguka kwa bawaba, lenye mpira pembeni. Kitandani kulikuwa na blanketi moja jepesi. Niliomba la pili nikaletewa, ila lilikuwa na uvundo wa nguo iliyokunjwa kabla ya kukauka. Julai kule nguo hazikauki kwa kuanikwa nje, ukungu unazirudia. Pasipo chumba cha kukaushia, shuka huhifadhiwa na unyevu wake, na mgeni ndiye anayezimalizia kuzikausha kwa mwili.

Sasa bafu, maana hapa ndipo walipotangaza kwa herufi kubwa: maji moto saa 24.

Kilichopo ni shawa ya umeme, ile ya kichwa cha plastiki chenye koili, yaani waya wa kupashia maji, ndani. Kichwa kimeandikwa wati 5,400. Niliweka ndoo ya lita 10 chini yake, ikajaa kwa dakika mbili na nusu, yaani lita 4 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, wati 5,400 zikifika zote, maji hupanda kama nyuzi 19. Maji ya tangi kule asubuhi ukiyakadiria kuwa nyuzi 14, yanatoka yakiwa 33. Mwili hauyaiti hayo maji moto, unataka 38 hadi 40. Na wati hazifiki zote. Nikiwasha shawa taa ya bafuni ilipepesa na mwanga ukashuka, dalili kwamba stima inadhoofika njiani, aghalabu kwa sababu waya ni mwembamba na umevutwa mbali. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 200, koili hupoteza karibu asilimia 17 ya nguvu zake, na unabaki na maji ya nyuzi 30.

Mhudumu alinishauri nipunguze bomba ili maji yapate moto. Ushauri ni sahihi kwa shawa hizi, maji machache hupata joto zaidi. Ila ndani ya kichwa kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na nguvu ya maji ndipo stima iunganike. Tangi lao limewekwa juu ya nguzo fupi, halizidi shawa ya ghorofani hata kwa mita moja. Ukipunguza bomba kidogo tu, kiwambo kinalegea, unasikia “tak”, na maji ya tangi yanakushukia mgongoni kama yalivyo. Saa kumi na mbili asubuhi, vyumba vingine vikifungua mabomba, shawa ilikuwa inajizima yenyewe bila kuguswa. Stima ilipopotea siku ya pili waliwasha jenereta, nayo haina nguvu za kubeba shawa hata moja. Kwa hiyo saa 24 zilizotangazwa hazikuwepo, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko baridi yenyewe, kwa kuwa linajulikana na kila anayefanya kazi pale.

Njia iliyofaa ni ndoo ya jikoni. Kule maji huchemka yakifika nyuzi 92 hivi, si 100, kwa ajili ya mwinuko. Lita 5 za maji yaliyochemka na lita 10 za baridi zinakupa nyuzi 40, za kutosha mtu mzima kuoga vizuri. Mama wa jikoni alinichemshia kila asubuhi bila kunung'unika. Mwambie usiku, kabla hajafunika jiko.

Huko kuchemka kwa nyuzi 92 ndiko pia kunakoharibu maharagwe yao. Yaliletwa mezani yameiva ganda, ndani bado magumu. Jiko halina sufuria ya presha, na maharagwe makavu kwa sufuria ya kawaida kule yanataka kulowekwa usiku kucha na saa za ziada motoni. Agiza mayai, ugali na managu, ile mboga ya majani, hivyo havikosewi. Mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin, tafuta mjini, ni mzuri.

Kuhusu mandhari, chumba cha upande wa bonde huongezwa Sh1,000. Julai ni msimu wa mvua, na asubuhi ukungu hupanda kutoka chini ukaziba kila kitu. Kwa siku tatu niliona bonde na milima ya Tugen ng'ambo yake kwa jumla ya saa mbili labda, kati ya saa tano na saa saba mchana, kabla ya mvua ya alasiri. Desemba hadi Februari ningelipa nyongeza hiyo kwa moyo mweupe. Julai, chukua chumba cha nyuma, na mandhari uyatazame bure kando ya barabara ya kuteremkia Tambach.

“Dakika tano kutoka stendi” wanazotangaza ni za boda, kwenye murramu. Mvua ikinyesha udongo ule mwekundu huteleza vibaya, na kwa mguu ni nusu saa. Vumbi na tope hilo ndilo wanariadha wanalokimbilia alfajiri, kwa hiyo usishangae nyayo dirishani saa kumi na mbili. Mgeni wa tambarare asijaribu kuwafuata siku ya kwanza: shinikizo la hewa kule ni kama robo tatu ya lile la pwani, na kichwa kitakuuma.

Nilipolalamika, msimamizi hakubishana. Alirudisha Sh1,000 za mandhari kwa kila usiku, ila kuhusu shawa alisema fundi yuko njiani, na usiku wa tatu bado alikuwa njiani. Nawapa nyota mbili kati ya tano.

Ukipiga simu kuulizia chumba mahali popote Iten kati ya Aprili na Agosti, usiulize kama kuna maji moto, wote watasema yapo. Uliza yanapashwa na nini. Boila ya kuni ndiyo ya kutegemewa. Ya sola hupoa ukungu ukikaa siku mbili. Wakisema shawa, uliza tangi liko juu kiasi gani, kisha uliza silingi, na aina ya dirisha. Lipia usiku mmoja kwanza, kwa namba ya till, ile ya kulipia kwa simu, yenye jina la biashara. Pale nilipolala mimi, vyumba vya chini upande wa jikoni ndivyo vikavu.