Kununua kioo cha gemu: Hz kwanza, pikseli zifuate kadi

Kabla hujauliza bei ya monita, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, jibu swali moja: utaichomeka kwenye nini? Wengi wanaoniomba ushauri huanza na inchi, wakaja kwenye 4K, wakaja kwenye bei, mashine ikatajwa mwisho kabisa. Mimi naanzia huko mwisho. Kioo hakitengenezi picha, kinaonyesha tu kile ambacho kadi ya grafiki (kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora picha) au PlayStation imekiletea. Kikiletewa kidogo kitaonyesha kidogo, hata ukikinunua kwa milioni mbili.

Hesabu yenyewe si ngumu. Full HD, yaani 1920 kwa 1080, ina pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) kama milioni 2.07. QHD, 2560 kwa 1440, ina milioni 3.69. 4K inafika milioni 8.29, mara nne kamili ya Full HD, na kadi inatakiwa kuzichora zote kwa kila fremu, yaani kila picha moja. Upande wa Hz, yaani kioo hubadilisha picha mara ngapi kwa sekunde, cha 60 hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7, cha 144 kila baada ya 6.9, cha 240 kila baada ya 4.2. Sasa angalia: ukitoka 60 kwenda 144 umepunguza karibu milisekunde 10, lakini ukitoka 144 kwenda 240 hupunguzi hata 3. Ndiyo maana nasisitiza hela ya kwanza ikufikishe 144, halafu kinachobaki ndicho kiende kwenye pikseli.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa monita ya inchi 24, Full HD, 144 hadi 180 Hz, paneli ya IPS. Kama una GTX 1650, GTX 1060, RX 580 au kadi yoyote ya rika hilo, usihangaike kutafuta kingine. Full HD ndiyo kadi hizi zinaimudu, na kwenye gemu nyepesi kama Valorant au CS2 utazipata hizo fremu zaidi ya 100 bila kuinyonga mashine. Kwenye paneli, yaani aina ya kioo chenyewe, kuna IPS, VA na TN; shikilia IPS. VA ina weusi mzuri sana, na kwa filamu za usiku naipenda, ila nyingi za bei ya chini ni nzito kubadilika sehemu za giza: adui akikatiza kwenye kivuli anaacha mburuzo nyuma yake kama wino uliopanguswa kabla haujakauka. TN ina kasi, lakini ukiinuka kidogo kwenye kiti rangi zinageuka.

Muuzaji atakuvuta uongeze hela kidogo uchukue inchi 27. Muulize rezolusheni, yaani idadi ya pikseli, kwanza. Inchi 24 ya Full HD ina pikseli kama 92 kwa kila inchi, inchi 27 ya Full HD inashuka hadi 82. Ukikaa nayo mezani, umbali wa mkono, herufi zinaota meno na sura za wachezaji wa mbali zinakuwa mabaka. Hiyo ndiyo monita ninayokukataza kabisa kwenye mwongozo huu.

Inchi 27 ni kwa ajili ya QHD, na QHD ya 165 Hz au zaidi ndiyo nafasi yangu ya pili. Hapo unapata pikseli 109 kwa inchi, na tofauti unaiona siku ya kwanza hata ukiwa unaandika barua tu. Lakini iwe na kadi ya kuilisha: RTX 3060 Ti, RTX 4060, RX 6700 XT na kuendelea. Kama kadi bado ni dhaifu na unaweka akiba taratibu, nunua kadi kwanza. Na usilipe zaidi kwa ajili ya nembo ya G-Sync, teknolojia ya Nvidia, watengenezaji wa kadi za GTX na RTX, ya kuoanisha kasi ya kioo na fremu za kadi; FreeSync hufanya kazi hiyohiyo. Tangu Januari 2019 Nvidia ilipofungua mlango, kadi za GTX 10 na za baada yake zinafanya kazi na monita za FreeSync kwa waya wa DisplayPort, na picha haikatiki katikati unapogeuka ghafla.

Nafasi ya tatu itawashangaza baadhi yenu: monita iliyotumika ya ofisini, 60 Hz. Mwenye PS4 ya kawaida hana sababu ya kulipia 144, maana mashine yake haitoi zaidi ya Full HD kwa fremu 60. Dell P2419H, kwa mfano, ni inchi 24, Full HD, IPS, na mguu wake unapanda na kushuka, kitu ambacho monita nyingi mpya za bei rahisi hazina. Ila wengi husahau sauti. Monita za namna hii mara nyingi hazina spika, kwa hiyo utachomeka hedifoni kwenye padi.

4K ya 120 Hz au zaidi naiweka ya nne, kwa mwenye PS5 au kadi kubwa na mfuko usio na haraka. Hakikisha ina tundu la HDMI 2.1, kwa sababu kwenye HDMI 2.0 4K inaishia 60 Hz. Kama unachezea kwenye kochi, hela hiyo ipeleke kwenye televisheni. Na mwenye PS5 anayekaa mezani asiione QHD kama kitu duni: tangu Septemba 2022 mashine hiyo inatoa 1440p, yaani QHD, yenyewe, na hata kwa HDMI 2.0 inafika 120 Hz.

240 Hz nimeiacha nje ya orodha. Ni ya mtu anayeshindana kwenye CS2 au Valorant na tayari kompyuta yake inampa fremu zaidi ya 200. Kama ping yako, yaani ucheleweshaji wa intaneti, ni milisekunde 180, Hz hazitaiponya.

Sasa upo kaunta. Mdogo wangu alinunua kioo cha 144 Hz, akakitumia miezi minne akiniambia haoni tofauti yoyote na kile cha zamani. Nilipomtembelea nikazungusha mausi haraka, kishale kikaacha vivuli vichache vilivyoachana sana. Nikaingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya "Advanced display", nikakuta imekaa 60. Nikapandisha hadi 144, nikazungusha tena, vivuli vikasogeleana vikawa kama mstari. Alinyamaza, akachukua mausi mkononi mwangu akaanza kuzungusha mwenyewe.

Fanya jaribio hilohilo dukani, kwa waya uliomo ndani ya boksi, maana kuna maduka yanayokupa waya mwingine. Hakikisha Hz zilizoandikwa kwenye boksi zinachagulika kwenye mipangilio. Kisha fungua kwenye simu yako picha tupu ya rangi nyeupe, nyekundu, kijani, buluu na nyeusi, uzihamishie kwenye kompyuta ya duka, uzijaze kioo kizima moja baada ya nyingine. Nukta isiyobadilika rangi ni pikseli iliyokufa. Kwenye nyeusi omba wazime taa, utazame pembeni kama mwanga unavuja. Uliza pia, kabla hujatoa hela, garanti yao inahesabu pikseli ngapi zilizokufa ndipo wabadilishe, na jibu waliandike kwenye risiti.