Kichwa cha pampu kinachoshika valvu zote tatu: uzoefu wangu

Kama una pampu nzuri ya baiskeli, ile ya chini unayoikanyaga kwa miguu na kusukuma kwa mikono miwili, lakini bado unatoka jasho na tairi linabaki laini, usikimbilie kununua pampu nyingine. Angalia kichwa chake, kile kipande cha mwisho wa mpira wa kupitishia upepo, kinachobana valvu. Nimehangaika na vichwa vya kila namna, na sasa ninacho kimoja ninachokiamini. Naandika ili mwenzangu anayetafuta asipoteze hela.

Naishi Tanga na nyumbani baiskeli ni nyingi. Phoenix ya baba ina valvu ya zamani, ile yenye kipira chembamba ndani, ambayo huitwa Dunlop au Woods. Baiskeli ya mtumba ya Japani anayoendea mke wangu sokoni ina hiyohiyo, maana Wajapani bado wanaitumia kwenye baiskeli zao za mjini. Za watoto ni za milimani na zina Schrader, sawasawa na valvu ya gari au bodaboda. Yangu ya mbio ina Presta, nyembamba, yenye kinati kidogo juu ambacho lazima ukilegeze kabla ya kujaza upepo. Baiskeli zote hizo zinategemea pampu moja, na kila asubuhi kuna mtu anaihitaji.

Mateso yalikuwa zaidi kwenye ya mbio. Tairi zangu ni za milimita 25 na ninazijaza hadi psi 90 hivi (psi ni kipimo cha presha) kabla ya kushika barabara ya Muheza. Kichwa kilichokuja na pampu kilikuwa kinakwenda vizuri mpaka karibu psi 60, halafu kinaanza kupuliza pembeni, na ukisukuma tena kinaruka na kukupiga mguuni. Kwenye Phoenix hakikuleta shida kwa sababu tairi nene halihitaji presha kubwa. Ndiyo maana watu wengi hawajui kwamba kichwa chao ni kibovu: mpaka ukutane na tairi jembamba, hutaona.

Siri yote iko kwenye raba. Ndani ya kichwa kuna kipande cha raba chenye tundu katikati. Ukigeuza leva, raba inagandamizwa kutoka juu. Ikikosa pa kwenda inavimba kuelekea ndani na kuishika valvu. Hakuna kitu kingine kinachoshika. Kwa hiyo mwili wa kichwa uwe wa shaba inayong'aa au wa plastiki, kama raba ni ngumu au tundu lake limepanuka, upepo utatoka tu. Presta ina unene wa milimita 6 na Schrader ni 8. Raba iliyozoea kubana Schrader hupanuka, ukirudi kwenye Presta inateleza. Na joto letu la pwani, hasa ukiacha pampu juani uani, hukausha raba mpaka inapata nyufa.

Kabla hujanunua kichwa kipya, hata hivyo, hakikisha ugonjwa uko hapo. Hili nilifundishwa na fundi mmoja mzee wa Ngamiani, hapa Tanga. Nilimpelekea pampu nikamwamkia, akaisukuma mara moja na kuachia mpini. Ukabaki chini palepale. Akaniambia, "Mwanangu, kama mpini ungepanda wenyewe, ugonjwa ungekuwa huku chini kwenye kitako, kwenye valvu ya pampu yenyewe. Huu umetulia. Basi ni kichwa au mpira." Akachukua maji ya sabuni akapaka kote, na mapovu yakatoka kwenye shingo ya valvu. Kipimo rahisi namna hii kila mwenye pampu anapaswa kukijua, kwa sababu nimeona watu wakibadilisha vichwa kumbe kinachovuja ni kitako.

Katika kutafuta nilianza na kichwa cha kugeuza: unafungua kifuniko, unatoa raba na kipini cha plastiki, unavipindua, unarudisha. Upande mmoja ni Presta, mwingine Schrader. Kinabana vizuri, sikatai. Lakini kwa nyumba yenye valvu mchanganyiko ni adhabu. Mtoto anataka kwenda shule, wewe umetoka kujaza ya mbio, unaanza kufungua vipande vidogo kwenye mchanga. Kipini kikianguka umekwisha.

Nikajaribu cha kusokota, kinachofungwa kwenye nyuzi za valvu kama nati. Kwa kushika hakina mpinzani, hakiruki kamwe. Tatizo ni wakati wa kukitoa. Presta nyingi siku hizi moyo wake, yaani kile kipande cha ndani kinachozuia upepo, unafunguka. Utaijua kwa kuona pande mbili bapa chini ya kinati. Ukisokota kichwa kukitoa, moyo wa valvu unatoka nacho, na upepo wote uliousukuma unamalizika kwa sekunde moja. Dawa ni kukaza moyo huo kwa koleo dogo kabla ya kuanza, na ukikaza ipasavyo kichwa hicho kinafaa. Mimi sikutaka kitu kinachohitaji koleo kila tyubu mpya.

Kuna pia cha tundu moja kinachojirekebisha chenyewe kwa valvu yoyote. Nilikitumia kwa rafiki yangu na nilikipenda, hasa kwa urahisi. Ila ndani yake kuna vipande vingi, na kwenye bidhaa za bei ya chini ndivyo vinavyokufa mapema.

Nilichobaki nacho ni cha matundu mawili. Tundu moja ni la Schrader, jingine ni la Presta na Dunlop pamoja, maana kichwa cha Dunlop kinakaribiana kwa unene na Presta. Leva iko moja katikati. Unasukuma kichwa kwenye valvu, unageuza leva, unajaza. Tundu usilolitumia hujifunga lenyewe. Aina hii inauzwa kwa majina mengi ya viwanda na umbo lilelile. Changu kina mwili wa plastiki nene na leva ya chuma, nilikiagiza Kariakoo kwa shilingi 22,000 kikaja kwa basi. Tangu nikifunge, psi 90 inafika bila mapovu wala mlio, na watoto wanajaza wenyewe bila kuniita. Hilo la watoto ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Kukifunga si kazi ngumu. Nilikata ncha ya mpira iliyokuwa imepasuka, nikaichovya kwenye maji ya moto ilainike, nikaingiza shingo ya kichwa mpaka mwisho, nikakaza kwa klipu ya skrubu. Usipake oili ili kiingie kwa urahisi, kwa sababu presha ikipanda kitateleza na kutoka. Kabla ya kununua pima tundu la ndani la mpira wako na uulize ukubwa wa shingo ya kichwa. Si vyote vinalingana.

Matumizi nayo yana adabu yake. Kwenye Presta, legeza kinati halafu kibonyeze kidogo kwa kidole mpaka usikie upepo ukitoka. Usipofanya hivyo moyo unaweza kuwa umegandana, sindano ya geji inapaa juu na tairi haliingii kitu, nawe utalaumu kichwa. Ukimaliza, vuta moja kwa moja. Ukitikisa huku na huku unaipinda ile sindano nyembamba ya valvu. Na ule mlio wa "pss" unaousikia wakati wa kukitoa mara nyingi ni upepo uliobaki kwenye mpira wa pampu, si wa tairi, kwa hiyo usihangaike kukivuta kwa kasi.

Kwenye Dunlop usiamini geji. Kipira cha ndani kinataka kusukumwa kwa nguvu ndipo kifunguke, na geji inasoma upepo ulio kwenye mpira wa pampu, hivyo inaonyesha zaidi ya kilichomo ndani ya tairi. Phoenix ya baba naijaza nikipima kwa kubonyeza tairi kwa dole gumba, kama yeye alivyofanya siku zote. Na kama Dunlop haipokei upepo, au inapoteza kila usiku, chomoa moyo wake kwanza uangalie kipira. Kikiwa kimechanika au kimeganda, badilisha. Kichwa cha pampu hakina kosa.

Kasoro za aina hii ya matundu mawili zipo. Kichwa chenyewe ni kikubwa. Kwenye baiskeli ya mtoto mdogo, ya rimu ndogo, spoki na habu hazikipi nafasi na inabidi nitumie pampu ya mkono. Pia ile sehemu inayofunga tundu lisilotumika ndiyo huanza kuchoka kwenye vya bei ya chini kabisa. Ukisikia upepo unatoka upande wa pili, ujue ni hapo.

Kama una baiskeli moja tu na ni ya Presta, ningekushauri njia nyingine: kichwa cha Presta peke yake. Waendesha baiskeli wa mbio wanasifu sana Hirame ya Japani, cha shaba, pamoja na vile vya Silca, kampuni iliyoanzia Italia. Bei yake ni kubwa na kwetu ni vya kuagiza, lakini kwa mtu wa presha za juu kila siku vinaeleweka. Mwenye Schrader tupu wala asisumbuke. Karibu kichwa chochote chenye raba nzima kitamfaa.

Kwa utunzaji, mimi huacha leva wazi ninapoiweka pampu ili raba isibaki imebanwa, na pampu inalala ndani, si uani. Raba ikianza kukauka napaka glisirini kidogo. Grisi na oili ya injini hapana, huivimbisha raba na kuiharibu. Raba za akiba nilinunua pamoja na kichwa, shilingi 3,000 kwa jozi, ziko kwenye droo. Nawe ukiagiza, swali la kwanza kwa muuzaji liwe hilo: raba zake zinapatikana? Akisema haziuzwi peke yake, tafuta duka jingine.